Fungu la Kuvu

Wenzangu waliangukiwa na bahari iliyopasuka,
na ngazi ya ndotoni, na njiwa na tawi lake.
Mimi tarehe yangu ilinipa Walawi, kumi na nne:
nyumba yenye doa ukutani,
la kijani, au jekundu,
lililozama ndani kuliko uso wa ukuta.

Bi Hinda Sragovitz, mfamasia mstaafu,
alicheka mpaka akavua miwani.
"Glasgow nzima hii," akasema, "na fungu la kuvu
limpate mtoto wa gorofa ya chini!"

Kila Jumanne, inyeshe isinyeshe (ilinyesha),
nilipanda ngazi zake zenye harufu ya supu ya shayiri.
Alinifundisha alama kabla ya maneno:
hii munakh, iburute, koti refu sakafuni;
hii tipkha, teremka, usikimbie;
etnakhta, hapo pumua,
hata Mungu hapo hupumua.
Kijiko chake kiligonga meza.
Nilighani nikipiga mswaki, povu likaruka kiooni.

Kisha akanionyesha gombo lenyewe
na moyo ukanishuka:
konsonanti tupu, zimesimama uchi juu ya ngozi,
hakuna irabu, hakuna alama,
hakuna hata nukta ya kushikilia.
"Wimbo hauandikwi humu," alisema.
"Wimbo unakuja nao wewe."

Nyumbani kwetu kuvu lilikuwepo kweli,
nyuma ya kabati, chumbani kwa wazazi.
Baba alilisugua kwa klorini
Jumapili baada ya Jumapili, dirisha wazi, baridi ikiingia,
mpaka asubuhi moja nikakuta mto wake sebuleni
na blanketi limekunjwa vizuri mno,
kama la mgeni asiyetaka kusumbua.
Sikuuliza. Nilikuwa na aya kumi na tano za kukariri.

Ipo moja, mwenye nyumba anamwendea kuhani:
*Kenega nira li babayit.*
Kitu kama pigo kimenitokea nyumbani.
"Kama," alisema Bi Hinda, kidole juu ya kaf.
"Hata ukiwa bingwa, hata ukijua kwa yakini,
huruhusiwi kusema pigo.
Kuhani bado hajafika."
Na asipofika?
Hakujibu. Alinisogezea sukari.

Siku yenyewe waliniita kwa majina ya wote wawili,
Yiska binti Mordekhai na Golda,
yakatamkwa kwa pumzi moja.
Walikaa safu ya tatu, kiti kimoja kati yao,
na juu ya kiti koti la mama, limekaa wima.
Nikashika kijiti cha fedha,
ncha yake mkono mdogo, kidole kimoja kimenyooka.
Nilikwenda vizuri. Shangazi Malka alishatoa leso.
Nikafika kwa kuhani, nikainua macho
(kosa; aliniambia mara mia, usiinue macho)
nikaliona koti.

*Nega,* nikasema.
Pigo.

Sinagogi lote kimya. Mtu akakohoa.
Kisha sauti begani, ndogo,
ya mtu anayerudisha chenji:
*Ke.*
*Ke-nega.*

Nikarudi nyuma. Nikalipa neno herufi yake.
Sauti ikapanda palepale inapopaswa kupanda
na kidole cha fedha hakikutetemeka,
au kilitetemeka kidogo.

Baadaye samaki, keki, hotuba,
binamu wa Leeds wakipigania zabibu.
Baba alisema, sikusikia kosa lolote.
Mama alisema, mimi nilisikia,
akanirekebisha kola iliyokuwa sawa.

Mwezi wa saba baba alihamia Paisley,
gorofa ya tatu, kavu, rangi mpya.
Usiku wa kwanza kulala kule
nilizima taa, nikapapasa ukuta kwa kiganja,
kona hadi kona,
nikighani chinichini.